Nionyeshe Utakavyofanya Nyumbani

Kitabu cha Florence Nightingale kuhusu uuguzi, kilichotoka London mwishoni mwa mwaka 1859, hakikuandikwa kwa ajili ya manesi. Yeye mwenyewe alilisema hilo katika dibaji: alikuwa akizungumza na wanawake wa kawaida, kwa kuwa aliamini karibu kila mwanamke siku moja atakabidhiwa uhai wa mtu, awe mtoto au mgonjwa. Ndiyo maana sura ya kwanza inahusu hewa ya chumbani, na zinazofuata zinahusu usafi wa nyumba, kelele, chakula, kitanda na mwanga. Mwaka 1861 akatoa toleo la bei nafuu kwa familia za vibarua, na humo akaongeza sura kuhusu malezi ya mtoto mchanga, akisema na wasichana wadogo wanaoachiwa wadogo zao mama akienda kazini.

Mwaka 1860 mwandishi huyohuyo alifungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas' jijini London, na dunia ikairithi shule kuliko kitabu. Tukapata sare, zamu, wodi yenye vitanda vya mistari miwili na saa maalumu za kuona wagonjwa. Kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza na kumkesha kukawa kazi ya aliyesomea. Ndugu akageuka mgeni wa kuja na kuondoka kwa kengele. Faida ya mabadiliko hayo ilikuwa kubwa na sitaki kuibeza: wengi walipona kwa sababu aliyewaosha alikuwa amenawa kwanza. Lakini mwanafunzi wa mwanzo wa Nightingale, yule mtu wa nyumbani, aliachwa nje ya mlango, na ndiye ninayetaka kumfuata katika insha hii. Mapokeo ya uuguzi ni mengi, na kila moja nitaliuliza mambo mawili: nani anahesabiwa kuwa mwanafunzi, na mwalimu anajuaje kwamba amefundisha?

Hospitali za misheni na za serikali za kikoloni zilituletea Afrika Mashariki sare, zamu na kengele. Wauguzi wa kutosha hazikutuletea, na upungufu huo tunao hadi leo. Matokeo yake kila aliyewahi kuuguza anayajua. Ndugu ndiye anayekuja alfajiri na uji kwenye chupa ya chai. Ndiye anayemfuta mgonjwa, anayemshika kumpeleka chooni, anayekimbilia duka la dawa na cheti mkononi. Usiku analala kwenye kanga sakafuni au barazani nje ya wodi. Kanuni za wodi zinamwita mgeni, lakini kazi anayoifanya ni uuguzi. Na kwa kuwa kanuni hazimtambui, hakuna anayemfundisha. Faili la mgonjwa linaandikwa joto, presha, dozi na dripu; halina mstari wa kuuliza huyu mama aliyelala sakafuni anajua nini.

Si kwamba hatufundishi. Asubuhi katika kliniki ya mama na mtoto nesi husimama mbele ya mabenchi akaeleza chandarua, lishe, chanjo na uzazi wa mpango. Akimaliza huuliza, “Tumeelewana?” na benchi zima huitikia, “Tumeelewana!” Siku ya mgonjwa kuruhusiwa, somo hutolewa kwa kasi zaidi, kwa kuwa kitanda kinasubiriwa: hii moja kutwa mara tatu, hii moja usiku, chumvi apunguze, mrudishe baada ya wiki mbili. Ndugu huitikia, “Ndiyo, sista.” Adabu zetu hazimruhusu kusema hajaelewa, tena mbele ya foleni, tena kwa mtu mwenye wodi nzima ya kuhangaikia. Basi “ndiyo” yake si kipimo cha chochote. Ni heshima tu, na heshima haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Ukanda wetu wenyewe uliwahi kulielewa jambo hili vizuri, katika miaka migumu kuliko yote. Mwaka 1987, Uganda ilipokuwa inazika vijana kila siku, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI na familia zao, baada ya yeye kufiwa na mumewe kwa ugonjwa huo. Dawa ya kupunguza makali ilikuwa bado haijafika, kwa hiyo kilichobaki cha kumpa mgonjwa kilikuwa uuguzi mtupu: kumwosha, kumpaka mafuta, kumpa kinywaji kidogo kidogo, kumfulia shuka lenye damu bila kujidhuru, kukaa naye. Familia zilifundishwa hayo nyumbani, juu ya godoro la mgonjwa wao, na baadaye wahudumu wa majumbani wakafanya vivyo hivyo Tanzania na Kenya. Dawa zilipokuja, jambo la kushukuru, sehemu kubwa ya ujuzi ule ikaachwa ififie, kana kwamba ulikuwa wa UKIMWI peke yake. Mwenye kiharusi, mwenye saratani na mzee asiyeinuka wanauhitaji uleule.

Kuhusu ndugu wanaoitwa wageni, wale wa kuja na kuondoka kwa kengele, mapokeo yanagongana kweli. Nightingale alitenga sura nzima kuwalaumu watu wanaomjia mgonjwa na matumaini ya bure na ushauri ambao hawakuombwa. Aliona wanamchosha mtu asiye na nguvu za kuwajibu. Katika Uislamu, na kwa hiyo katika mwambao wetu, kumjulia hali mgonjwa ni haki yake juu ya wenziwe. Historia ya Kiislamu inamtaja Rufaida wa kabila la Aslam, mwanamke aliyekuwa na hema la kutibia majeruhi katika msikiti wa Madina. Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, mwaka 627, Mtume aliagiza awekwe katika hema lile ili awe karibu naye na aweze kumtembelea. Mgonjwa aliwekwa mahali watu wanapopita, na uuguzi ukafanyika mbele ya macho ya jamii.

Naona Nightingale hakukosea kuhusu kelele za wageni. Nimewaona wageni kumi wakizunguka kitanda kimoja, kila mmoja na dawa yake ya kienyeji na kisa cha jirani aliyekufa kwa ugonjwa huohuo. Lakini kila mmoja wa wale kumi ana mikono miwili, na wiki ijayo mmoja wao ndiye atakayebaki na mgonjwa wakati mke wa mgonjwa huyo amekwenda sokoni. Nesi anayewafukuza wote kwa pamoja anapoteza darasa lililojileta lenyewe.

Darasa kubwa kuliko yote ninayoyajua liliendeshwa Bangladesh. Chimbuko lake ni mwaka 1971: vita vya ukombozi wa nchi hiyo vilipowasukuma mamilioni ya watu kuvuka mpaka kuingia India, kipindupindu kiliingia katika kambi ya Bangaon, upande wa India. Daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala chini katika vinyesi na matapishi, na chupa za dripu zinakwisha. Utafiti uliofanyika Dhaka miaka michache nyuma ulikuwa umeonyesha kwamba maji yenye chumvi na sukari ya glukosi hufyonzwa na utumbo hata wakati wa kipindupindu. Akachanganya chumvi, glukosi na bikaboneti katika mapipa, akawapa ndugu vikombe. Ndugu ndio walioketi kando ya wagonjwa wakawanywesha. Vifo, vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi wa mchanganyiko. Kwangu kinahusu vikombe zaidi. Dripu inamtaka nesi, sindano na chumba. Kikombe kinamtaka mtu anayempenda mgonjwa kiasi cha kutochoka. Mgonjwa wa kipindupindu hunywa lita nyingi kwa siku, kijiko kwa kijiko akitapika, na hakuna wodi yenye wafanyakazi wa kutosha kumnywesha kila mmoja.

Shirika la BRAC, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed, likauliza swali lililobaki: je, mama wa kijijini asiyejua kusoma anaweza kufundishwa kutengeneza maji hayo jikoni kwake? Kuanzia mwaka 1980 wanawake vijana walitumwa nyumba kwa nyumba. Hawakutegemea mizani. Kipimo kilikuwa mkono wa mama: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu na konzi ya guru, ile tunayoiita sukari guru, katika maji ya karibu nusu lita. Mwalimu alichanganya mama akitazama, kisha mama akachanganya mwalimu akitazama. Wiki kadhaa baadaye msimamizi mwingine alipita katika baadhi ya nyumba zilezile, akawauliza akina mama na kuwaambia watengeneze tena. Mshahara wa mwalimu ulitegemea kile mama alichokumbuka.

Katika historia nzima ya elimu kwa wagonjwa sijaona wazo lenye ujasiri kuliko hilo. Kwingineko kote mwalimu hulipwa kwa kusema. Hapa alilipwa kwa kilichobaki mkononi mwa mwanafunzi baada ya yeye kuondoka, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kukimbilia nyumba inayofuata kabla mama hajaweza.

Hata hivyo, walipochunguza waliona jambo la kusikitisha: akina mama walijua kutengeneza, lakini wengi hawakuwapa watoto wao. Sababu zilikuwa kadhaa. Wanakijiji walikuwa wanatofautisha aina za kuhara, na waliyakubali maji ya chumvi kwa ile aina kali tu. Kuhara kwa mtoto anayenyonya au aliyevimbiwa hawakukuhesabu. Baadhi ya walimu nao hawakuyaamini maji yale, na walipoharisha wao wenyewe walimeza vidonge. Halafu wanaume walikuwa wameachwa nje ya somo, hali wao ndio waliokwenda dukani na kuamua mtoto atibiwe vipi. BRAC likabadilika. Walimu walipewa nafasi ya kujionea kwa macho yao wagonjwa wakipona kwa kunywa, mafundisho yakafuata majina ya maradhi kama akina mama walivyoyapanga, na mikutano ikafanywa sokoni na misikitini ili akina baba wasikie. Hadi mwaka 1990 zaidi ya nyumba milioni 12 zilikuwa zimefikiwa.

Anayeijua pwani ya Tanzania atakumbuka mara moja habari ya degedege. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta kwamba akina mama wanaijua malaria na wanajua inatibiwa hospitali. Degedege waliiweka mahali pengine: ilikuwa ya mganga kwanza, na wengi waliogopa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mtoto akizungushwa kwa waganga kwa siku mbili, akafika hospitali amekwisha, akachomwa sindano na kufa, kijiji kizima kinakuwa kimeshuhudia. Nesi aliyekuwa anasimama mbele ya benchi kueleza malaria alieleweka kabisa, na mtoto wa degedege bado alipelekwa kwa mganga, kwa kuwa somo halikumtaja. Mama alihitaji kuambiwa, kwa jina analolitumia yeye, kwamba mtoto akishikwa na degedege alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, asinyweshwe dawa akiwa hajitambui, na apelekwe kituoni saa ileile. Na mganga naye alihitaji kuambiwa hayohayo, kwa kuwa ndiye wa kwanza kubishiwa hodi.

Marekani ilipita njia nyingine. Mwaka 1918, miaka minne kabla insulini haijachomwa kwa mtu wa kwanza huko Toronto, daktari Elliott Joslin wa Boston alichapisha mwongozo wa kisukari uliokusudiwa daktari na mgonjwa wasome kitabu kimoja. Alishikilia kwamba kumfundisha mgonjwa ni tiba yenyewe, isiyoweza kukosekana kama vile dozi isivyoweza kukosekana. Wagonjwa wake walipima mkojo wao, wakapima chakula kwa mizani, wakaandika kila kitu daftarini. Insulini ilipokuja wakajifunza kujichoma, na wauguzi wakatumwa majumbani kuwafundisha mbele ya vyakula vyao wenyewe. Mwanafunzi wa Joslin ni mgonjwa mwenyewe, mtu mmoja na daftari lake.

Mapokeo hayo ndiyo yaliyoenea katika kliniki za kisukari duniani, zetu zikiwamo, na yana nguvu nyingi. Anayejipima anajua, na anayejua hofu yake hupungua. Lakini yanamchukulia mgonjwa kama mtu anayekula peke yake. Mzee wetu wa kisukari anakula kwenye sinia moja na wajukuu. Mchele umepikwa na mkewe, chai imetiwa sukari birikani kwa nyumba nzima, na akikataa kila kitu ataonekana ana kiburi. Kumpa yeye somo la ugali na kumwacha mpishi nje ya chumba ni kazi nusu. Nesi wa kliniki ya kisukari akiuliza swali moja tu, “Mzee, nani anapika nyumbani?”, na kliniki ijayo akamwita huyo mpishi, atakuwa amefanya zaidi ya vipeperushi vyote vilivyobandikwa ukutani.

Miguu nayo inataka macho ya wawili. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo, na mtu hukanyaga msumari au kaa la jiko asisikie kitu. Kidonda anakigundua kwa harufu. Anatakiwa kuiangalia miguu yake kila usiku, juu, chini na katikati ya vidole. Mzee mwenye macho hafifu na kiuno kigumu hawezi. Mjukuu wa miaka tisa anaweza, na ni kazi anayoweza kuizoea kama anavyozoea kumletea babu maji ya kunawa. Vilevile kushuka kwa sukari: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno yasiyo na mpango. Walio karibu wanatakiwa wampe upesi vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au soda ya kawaida, kama bado anameza. Hapo ndipo familia nyingi hukwama, kwa kuwa zimeambiwa miaka yote kwamba sukari ni sumu kwake na hakuna aliyewaeleza kwamba ipo saa ambayo sukari ndiyo inayomwokoa. Kwa watakaofunga Ramadhani, mazungumzo haya yafanyike kabla Shaabani haijaisha, dozi zikiwa bado zinaweza kupangwa upya na daktari. Insulini isiyo na friji nayo hutunzwa vizuri katika chungu ndani ya chungu, katikati mchanga wenye unyevu, na bibi yeyote anayejua kupoza maji mtungini ameshaelewa kwa nini.

Presha niitaje kwa kifupi, maana tatizo lake ni moja: vidonge vinamezwa kichwa kikiuma na kuachwa kikipoa. Nesi asiuulize mkutano kama wanameza kila siku. Amwambie mtu mmoja mmoja aje na paketi yake, wahesabu pamoja vilivyobaki, bila ukali.

Nikirudi nyumbani kabisa, mapokeo yetu yenyewe ya kuuguza yanaonekana vizuri zaidi katika arobaini ya mzazi. Kwa siku hizo 40 mwanamke aliyejifungua hukaa ndani, na bibi au mama mkubwa, mara nyingine mkunga, humhudumia. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hupewa uji wa pilipili manga na supu. Uchagani atapikiwa mtori. Nguo hafui, maji hachoti. Mapumziko hayo peke yake ni hazina, na wanawake wetu walioko ughaibuni, wanaorudi jikoni siku ya nne baada ya kujifungua, wanajua walichokosa.

Kinachonivutia zaidi ni namna ya kufundisha. Bibi hamhutubii mzazi. Siku za kwanza huketi, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya miguu yake na kumwosha, mzazi akitazama. Baadaye mzazi humshika mtoto bibi akimwagia maji. Ikifika wiki ya pili au ya tatu, mzazi ndiye anayeketi na kunyoosha miguu, na bibi amekaa pembeni akisema, “Shingo, mwanangu, shika shingo.” Kesho yake yupo tena. Hakuna mtihani, na hakuna anayemaliza arobaini bila kuweza. Mama wa Bangladesh na konzi yake ya sukari guru alifundishwa kwa njia ileile; tofauti ni kwamba BRAC liliipanga kwa makusudi, nasi tumekaa nayo bila kuiita elimu.

Tatizo liko katika baadhi ya yale yanayofundishwa. Maji ya kukandia huwa ya moto mno, na wauguzi wa wodi za wazazi wamewaona wanawake walioungua tumbo. Kitovu cha mtoto kinapakwa majivu, samli au samadi, na pepopunda huingilia hapohapo. Maziwa ya mwanzo ya njano humwagwa yakidhaniwa machafu, mtoto akapewa maji au asali. Na jambo baya kuliko yote halina kelele: mzazi yuko ndani, hatakiwi kutoka, kwa hiyo damu ikizidi, homa ikipanda, kichwa kikimuuma sana na macho kuona ukungu, nyumba inaweza kungoja asubuhi, au kungoja baba arudi. Saa na siku za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa kwa uhai wa mama, nazo zinaangukia ndani ya arobaini.

Hospitali inayajua hayo yote. Kitovu kiachwe kikavu na safi, au kipakwe dawa iliyotolewa kituoni peke yake. Mtoto anyonye ndani ya saa moja, na miezi 6 asipewe kingine. Dalili za hatari ni hizi, na ukiziona usingoje. Lakini humwambia nani? Humwambia mzazi mwenyewe, binti wa miaka 20 mwenye usingizi na maumivu, kisha humrudisha katika nyumba ambayo mwenye sauti ni bibi. Wakibishana, nani atashinda? Binti akishinda nako ni hasara, kwa kuwa atakuwa amemvunjia heshima mtu pekee aliye tayari kumkesha.

Mkunga mwenye busara humtafuta bibi. “Shikamoo, bibi. Wewe ndiye utakayekaa na mzazi?” “Marahaba, mwanangu, ni mimi.” “Basi bibi, nisaidie. Maji ya kumkandia mzazi unayapimaje?” Bibi ataonyesha kwa mkono wake, na hapo mazungumzo yameanza kwenye kitu anachokifanya kweli. Anaambiwa aendelee na uji, supu, mafuta, mapumziko na kumkanda taratibu kwa maji ya vuguvugu. Kisha anakabidhiwa kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza usiku: kuangalia damu, kushika paji la uso, kuuliza macho yanaonaje, na kuwa wa kwanza kusema “twende.” Baba naye anaitwa aambiwe kwamba ruhusa ya kutoka ameshaitoa leo, haitaombwa tena usiku.

Colombia ilipata funzo la namna hiyo kutokana na uhaba. Mwaka 1978, katika Instituto Materno Infantil mjini Bogotá, daktari Edgar Rey Sanabria hakuwa na inkubeta za kutosha kwa watoto njiti, akaanza kuwalaza kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Kwa miaka mingi wengi waliuona utaratibu huo wa kangaruu kuwa mbadala wa maskini, tena wa mtoto ambaye hali yake imeshatulia. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa hospitali tano katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambapo watoto wadogo walianzishiwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0, dhidi ya asilimia 15.7 kwa walioanzishiwa baada ya hali kutulia. Ili hilo liwezekane, mama alilazwa ndani ya chumba cha uangalizi maalumu pamoja na mwanawe, na ndugu wa kike aliyemchagua mwenyewe aliruhusiwa kumpokea kubeba. Yule aliyeachwa nje ya mlango ameingia hadi chumba kinacholindwa kuliko vyote, na watoto wameishi zaidi.

Sasa nimfikirie mzee aliyepatwa na kiharusi, upande wa kulia umelala, anaruhusiwa kesho kwa sababu hospitali imemaliza sehemu yake. Atakaa nyumbani miezi, pengine miaka. Kitakachoamua maisha yake ni mambo anayoyafanya binti yake: kumgeuza kila saa mbili, mchana na usiku, kumtazama kisigino, nyonga, kiwiko na juu kidogo ya makalio, akiona sehemu imebadilika rangi au imepata joto asimlaze tena upande huo, kumketisha wima kabla ya uji, kumpa kijiko kidogo, kungoja ameze, na kumwacha ameketi kwa muda baada ya kula, kutomvuta kamwe kwa ule mkono uliolegea, maana bega hutoka. Hakuna hata moja linaloeleweka kwa kuambiwa mlangoni mfuko wa dawa ukiwa mkononi. Kumgeuza mtu mzima mwenye uzito kuliko wewe bila kuvunja mgongo wako ni ufundi wa mikono na magoti.

Wauguzi watauliza muda wa kufundisha hayo utatoka wapi, na wana haki ya kuuliza, kwa kuwa nawaona wanavyokimbia. Muda upo, ila tunautumia kinyume. Saa ya kuosha wagonjwa, kuwageuza na kuwatandikia ndiyo saa tunayopiga kelele, “Ndugu wote nje!” Siku tatu kabla ya ruhusa, binti huyo angebakizwa ndani. Siku ya kwanza atazame nesi akimgeuza baba yake nyuma ya pazia, stara yake ikilindwa. Ya pili washirikiane. Ya tatu afanye mwenyewe, nesi akiwa amesimama mikono nyuma: “Haya mama, nionyeshe utakavyofanya nyumbani.” Akikosea ataelekezwa hapohapo, na nesi atakuwa amepata mikono miwili ya ziada kwa kazi ambayo angeifanya peke yake. Halafu katika faili, chini ya presha na dozi, liandikwe jina la aliyefundishwa, alichoonyesha vizuri na ambacho bado hajakiweza, ili nesi wa zamu inayofuata ajue aanzie wapi na mhudumu wa afya wa kijijini ajue, akipiga hodi wiki ijayo, aombe aonyeshwe nini.